Mwenye Kutumwa Hujiandaa Kwanza
Somo kwa wakatekumeni



Katika vijiji vya pwani ya ziwa, tangu mdomo wa mto Rusizi hata Makobola, Mboko, Baraka na rasi ya Ubwari, wako vijana wamwendeao padri au mwalimu wao na kumwambia: "Nataka kutumwa na Kanisa kwenda nchi ya mbali, nikawasaidie wengine." Neno hilo ni jema. Walakini neno jema lisemwalo upesi laweza kuleta majuto upesi. Tena wako wazazi ambao, wakilisikia neno hilo, hushikwa na hofu, wamekwisha kupoteza watoto katika vita na katika njia za ukimbizi, nao huuliza kwa haki: "Na huyu naye aende wapi?"

Kwa sababu hiyo somo hili laeleza mambo matatu. Kwanza, kutumwa maana yake nini. Pili, watu waliotumwa kuja kwenye ziwa hili Tanganyika walijiandaa jinsi gani, na ni nini kiliwapata wale wasiojiandaa vya kutosha. Tatu, kijana wa leo aanze wapi, hata kabla ya siku yake ya ubatizo.

I. KUTUMWA MAANA YAKE NINI

Watu wa ziwa wavuka maji kwa sababu nyingi. Mfanya biashara apandaye chombo Kalundu kwenda Kigoma ajipeleka mwenyewe, naye afuata faida yake. Mkimbizi asukumwa na vita. Ndivyo walivyovuka maelfu ya watu wa Fizi na Uvira tangu mwaka 1996, wakapokewa Tanzania katika kambi ya Nyarugusu. Kijana aendaye mji mkubwa kutafuta kazi afuata riziki. Katika hayo yote hakuna dhambi. Lakini hakuna hata mmoja wa hao aliyetumwa.

Mwenye kutumwa ana alama tatu. Alama ya kwanza: yuko aliyemtuma, wala hajitumi. Alama ya pili: aenda kwa ajili ya watu wengine, si kwa ajili ya tumbo lake. Alama ya tatu: atatoa hesabu ya kazi yake kwa wale waliomtuma.

Someni kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 13. Hapo yaelezwa jinsi waamini wa Antiokia walivyofunga na kusali, wakawawekea mikono Barnaba na Saulo, na kuwaacha waende. Angalieni vema: Saulo hakuondoka mara baada ya kuongoka kwake. Alikwisha kukaa miaka kadhaa akifunza na kufunzwa. Tena katika sura hiyo hiyo yasemwa kwamba kijana mmoja aliyefuatana nao, Yohane aitwaye Marko, aliwaacha njiani akarudi Yerusalemu. Baadaye Paulo hakukubali kumchukua tena katika safari nyingine. Lakini Marko hakutupwa: miaka ikapita, akakomaa, na Paulo mwenyewe akamwita aje, kwa maana alimfaa kwa kazi. Basi aliyerudi nyuma mara moja aweza kujiandaa upya. Ila ni afadhali kujiandaa kabla ya kuondoka.

Mvuvi wa ndakala ajua jambo hili pasipo kufundishwa na mtu. Mchana ashona nyavu zake, ajaza mafuta katika taa, aziba ufa wa mtumbwi. Jioni aingia ziwani. Hakuna mvuvi mwenye akili aanzaye kuziba ufa akiwa katikati ya maji.

II. WAJITOLEA WA KWANZA WA ZIWA HILI

Mwaka 1868 Askofu mkuu wa Algiers, Charles Lavigerie, ambaye baadaye alifanywa Kardinali, aliunda shirika la Wamisionari wa Afrika, waitwao na watu Mapadri Weupe. Mnamo mwaka 1879 walifika Ujiji, na mwaka 1880 wakaanza misioni Mulweba katika nchi ya Masanze. Hiyo ndiyo misioni ya kwanza ya Kikatoliki katika pwani yetu hii ya Kongo. Miaka michache baadaye wakajenga Kibanga.

Pamoja na mapadri na mabruda walikuja watu wengine ambao hawakuwa na nadhiri yo yote. Walikuwa walei, wengi wao askari wa zamani wa Papa kutoka Ulaya, waliojitolea kulinda misafara na misioni, kwa kuwa siku zile biashara ya watumwa iliwaka kama moto wa mbugani. Walikuwa na moyo, nao walikuwa na nguvu. Lakini baadhi yao walikufa kwa homa hata kabla ya kuliona ziwa, na wengine walirudi kwao. Mmoja wao, Félix d'Hoop wa Ubelgiji, aliuawa tarehe 4 Mei 1881 Rumonge, ng'ambo ya pili katika Burundi, pamoja na Padri Deniaud na Padri Augier.

Katika hao wajitolea, mmoja anakumbukwa kuliko wote: Kapteni Ludoviko Joubert. Alizaliwa mwaka 1842 katika Ufaransa, akaja ziwani akiwa mjitolea. Alirudi kwao kwa muda, kisha akaja tena, akafika Mpala mwaka 1887. Mwaka uliofuata akaoa mke Mwafrika, Agnesi Atakaye, akajenga makao yake pamoja na watu katika nchi ya Mrumbi. Aliwalinda waliokimbia wawindaji wa watumwa. Hakurudi tena Ulaya. Alikufa mwaka 1927 na kuzikwa katika udongo wa ziwa hili.

Kwa nini Joubert alidumu, na wengine hawakudumu? Mungu ndiye ajuaye siku za kila mtu, na homa haichagui. Lakini jambo moja laonekana wazi: Joubert hakukaa kama mgeni ahesabuye siku za kurudi. Alijifunza nchi, akaishi na watu, akafanywa mtu wa kwao.

III. ADRIANO ATIMAN, MGANGA NA KATEKISTA

Kardinali Lavigerie aliona kwamba moyo wa ushujaa peke yake hautoshi. Aliona pia kwamba Waafrika wenyewe, wakifundishwa vizuri, wangeweza kufanya kazi ambayo mgeni haiwezi. Basi mwaka 1881 akafungua nyumba katika kisiwa cha Malta, ili vijana Waafrika waliokombolewa utumwani wasomee uganga wa dawa, wawe waganga na makatekista kwa pamoja.

Mmoja wa vijana hao alikuwa Adriano Atiman. Alizaliwa mnamo mwaka 1866 karibu na mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali. Alipokuwa mtoto alikamatwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Mapadri Weupe walimkomboa katika Aljeria, wakamlea na kumfundisha. Mwaka 1882 akabatizwa.

Fikirini jambo hili. Kijana huyu alikuwa ameonja utumwa, angeweza kusema, "Sasa niko huru, nitafute raha yangu." Tena angeweza kusema, "Nina moyo wa kusaidia, nipelekeni kesho." Hakusema hivyo. Alikaa Malta akisoma hata mwaka 1888. Miaka mingi ya vitabu, ya hospitali, ya lugha za kigeni, kwa ajili ya watu ambao hakuwa amepata kuwaona hata kwa sura!

Alipomaliza, alipanda meli hadi Zanzibar, kisha akaenda kwa miguu pamoja na msafara, akipitia Tabora, hata akafika Karema, pwani ya mashariki ya ziwa letu, mwaka 1889. Huko akaoa binti wa nchi ile. Akatibu wagonjwa na kufundisha dini. Mwanawe Yosefu akapata upadri. Atiman alikufa Karema mwaka 1956, akiwa amewatumikia watu kwa muda wa miaka zaidi ya 65.

Hesabuni basi: miaka 7 hivi ya kujiandaa, na miaka zaidi ya 65 ya kazi. Nani aweza kusema kwamba miaka ile saba ilipotea bure?

IV. WENYE HERI WA BARAKA NA FIZI

Wamisionari Wasaveriani wa kwanza walifika Uvira mwaka 1958. Shirika lao liliundwa mwaka 1895 katika mji wa Parma, Italia, na Mtakatifu Gido Maria Conforti. Jina lao walilipata kwa Mtakatifu Fransisko Saveri, aliyetumwa mbali mpaka India na Japani. Mwaka 1962 Uvira ikawa jimbo, na Danilo Catarzi, Msaveriani, akawa askofu wake wa kwanza.

Katika Wasaveriani hao walikuwamo vijana watatu. Giovanni Didonè alizaliwa mwaka 1930, Luigi Carrara mwaka 1933, na Bruda Vittorio Faccin mwaka 1934. Walitoka vijiji vya Italia ya kaskazini. Kabla ya kuja walilelewa miaka mingi katika nyumba za shirika, na iliwapasa kujifunza Kifaransa na Kiswahili. Pamoja nao alitumika Padri Albert Joubert, aliyezaliwa mwaka 1908, mwana wa yule Kapteni Joubert na Agnesi Atakaye. Hivyo mbegu iliyoletwa na mjitolea yule ilizaa padri katika nchi hii hii.

Mwaka 1964 maasi ya Simba yalienea katika Kongo ya mashariki. Wamisionari hawakuacha watu wao. Tarehe 28 Novemba mwaka ule, motokari yenye waasi ilifika Baraka. Bruda Vittorio aliamriwa kupanda; alikataa, akapigwa risasi. Padri Luigi alikuwa akiungamisha wakristu. Alitoka nje, akapiga magoti karibu na mwili wa ndugu yake, naye akauawa papo hapo. Baadaye siku ile ile waasi walifika Fizi. Huko wakawaua Padri Giovanni na Padri Albert. Vittorio alikuwa na umri wa miaka 30, Luigi 31, Giovanni 34, na Albert 56.

Tarehe 18 Agosti 2024, katika mji wa Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo, Askofu mkuu wa Kinshasa, aliwatangaza wote wanne kuwa Wenye Heri kwa niaba ya Papa Fransisko.

Wakatekumeni, msisome habari hii kama hadithi ya risasi tu. Ile saa ya mwisho ilikuwa fupi. Kabla yake kulikuwa na siku nyingi za kazi isiyosimuliwa: kujenga, kufundisha, kutembelea vijiji, kuungamisha. Mtu asiyejizoeza kukaa na watu siku za kawaida hataweza kukaa nao siku ya hatari. Padri Luigi aliweza kupiga magoti saa ile kwa kuwa magoti yake yalikwisha kuizoea ardhi.

V. KIJANA WA LEO AANZE WAPI

Siku hizi nyumba haipokei tu, yatoa pia. Vijana wa Kongo wameingia mashirika ya kimisionari, nao wametumwa nchi za mbali. Na wako walei wajitoleao kwa muda, kila mtu kwa ujuzi wake. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya kazi ya umisionari ya tarehe 7 Desemba 1965, ulifundisha kwamba Kanisa lenyewe kwa asili yake ni la kimisionari. Basi kazi hii yamhusu kila mbatizwa. Haya ndiyo mambo matano ya kujiandaa.

1. Imani. Mtu hawezi kugawa asichonacho. Mkatekumeni afuate mafundisho yake mpaka mwisho, apokee ubatizo, kipaimara na Ekaristi, akae na desturi ya kusali asubuhi na jioni. Anayekosa kuja mafundisho kwa sababu ya mvua ya Uvira, atafanya nini penye theluji?

2. Kazi ya mikono au elimu. Nchi ya mbali haina haja ya mtu mwenye nia njema asiyejua kitu. Bruda Vittorio hakuwa padri, naye alitumwa. Atiman alitumwa kama mganga. Kijana ajifunze useremala, uashi, kushona, uuguzi, ualimu au kilimo, ajifunze mpaka aweze kuifanya kazi ile bila kusimamiwa.

3. Lugha na adabu za watu. Aendaye kwa watu huingia nyumbani mwa wenyewe. Ajifunze lugha yao, chakula chao, salamu zao, na heshima yao kwa wazee. Zoezi hili laweza kuanza hapa hapa. Pwani hii wakaa Wavira, Wabembe, Wafuliru, Banyamulenge, Warundi na wengine. Kijana asiyeweza kula meza moja na jirani wa kabila lingine katika Uvira, asidanganyike: hataweza kuwapenda watu wa Asia au wa Amerika. Ng'ambo ya kwanza ya kuvuka ni kizingiti cha jirani.

4. Afya na karatasi. Hili nalo ni sehemu ya utii. Msafiri ahitaji paspoti ya kweli, ruhusa ya nchi aiendeayo, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Asikubali njia ya siri wala karatasi ya uongo. Mtu akimwambia kijana, "Nipe fedha, nitakupeleka kwa jina la Kanisa," kijana asitoe kitu. Aende kwanza kwa paroko wake akaulize. Kanisa hutuma waziwazi, kwa barua na kwa baraka.

5. Baraka ya wazazi na ya jumuiya. Kijana asiondoke kama mwizi wa usiku. Aketi na baba na mama, na wajomba na shangazi, awaeleze aendako, kwa muda gani, na nani atamwangalia. Tena aulize: mama akiugua, nani atateka maji? Wadogo zake, nani atawalipia shule? Yezu aliwakaripia waliotumia jina la Mungu ili kukwepa wajibu kwa wazazi wao; yamo katika Marko, sura ya 7. Huenda jibu likawa kwamba wakati haujafika. Kungoja kwa ajili ya mama mgonjwa si kukataa wito. Lakini wazazi nao wakumbuke ya kwamba mtoto ni amana ya Mungu. Mama za Didonè, Carrara na Faccin nao walikuwa mama. Kama wangaliwafungia watoto mlango, Baraka na Fizi wangalikosa wachungaji wale.

Itakuwaje kwa asiyeweza kwenda kamwe? Asihuzunike. Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yezu hakutoka katika monasteri yake ya Lisieux, akafa kijana wa miaka 24; walakini mwaka 1927 Papa Pio XI alimweka kuwa msimamizi wa misioni sawasawa na Fransisko Saveri aliyezunguka dunia. Mmoja alikwenda kwa miguu, mwingine alikwenda kwa sala.

VI. MASWALI NA MAJIBU

Swali: Mwenye kutumwa ni nani?
Jibu: Ni mtu aliyepelekwa na Kanisa kwa ajili ya wengine, naye atatoa hesabu ya kazi yake.

Swali: Mkatekumeni aweza kutumwa sasa?
Jibu: Bado. Kwanza apokee ubatizo na kukomaa katika imani. Ila kujiandaa aweza kuanza leo.

Swali: Je, ni dhambi kwenda nchi ya mbali kutafuta riziki?
Jibu: Si dhambi. Dhambi ni kusema, "Nakwenda kumtumikia Mungu," hali moyoni mtu anajua kwamba anafuata fedha peke yake.

Swali: Adriano Atiman atufundisha nini?
Jibu: Atufundisha kuvumilia miaka ya kujifunza, ili tuwafae watu miaka mingi.

Swali: Wenye Heri wa Baraka na Fizi watufundisha nini?
Jibu: Watufundisha kwamba aliyetumwa kwa watu hukaa na watu, siku ya amani na siku ya hatari.

Swali: Maandalizi ya kwanza hufanywa wapi?
Jibu: Nyumbani, kwa wazazi, na kwa jirani.

AZIMIO LA JUMA HILI

Kila mkatekumeni achague nyumba moja ya kijiji chake ambamo yumo mzee, mgonjwa au mgeni wa kabila lingine. Aende mara tatu juma hili: ateke maji, apasue kuni, au aketi na kuzungumza. Asitangaze. Jumapili amweleze mwalimu wake jambo moja alilojifunza kwa watu wale.

SALA

Ee Bwana Yezu, uliyetumwa na Baba kuja kwetu, ulikaa Nazareti miaka 30 kabla ya kuanza kuhubiri. Utufundishe kungoja bila uvivu, na kwenda bila kiburi. Uwalinde vijana wetu katika njia zote za ziwa na za nchi kavu. Uwape wazazi wetu moyo mkuu. Na ninyi Wenye Heri Luigi, Giovanni, Vittorio na Albert, mliomwaga damu yenu katika nchi hii, mtuombee. Amina.